Oyee ni Saini

Nchi ninayoisimulia usiitafute kwenye ramani. Si kwamba haipo. Ipo, tena kubwa, ina bendera, ina wimbo wenye beti nyingi kuliko watu wanaozijua, na ina Wizara ya Mandhari na Mapato. Ila ramani zote ziliazimwa na Wizara hiyo kwa ajili ya semina, na mambo ya semina unayajua mwenyewe: kinachoingia hakitoki.

Huko ndiko ilikotokea habari hii ya kupandisha viingilio vya hifadhi za taifa. Naisimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi, maana chumvi nayo imepanda.

Wazo lilitoka kwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Lukwembe, mtu mwenye huruma sana kwa wanyama. Siku moja alikuwa akipita hifadhini, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, akamwona twiga amesimama peke yake kando ya barabara, ameinamisha shingo. Waziri akaguswa. Aliporudi ofisini akawaambia wataalamu wake kwamba yule twiga ana msongo wa mawazo, na sababu inajulikana: anatazamwa kwa bei rahisi.

"Jiwekeni kwenye nafasi yake," alisema. "Shingo yote ile, madoa yote yale, halafu mtu anakukodolea macho kwa bei ya kuku."

Wataalamu wakajiweka kwenye nafasi yake. Mmoja alitokwa na machozi, akapandishwa cheo. Utafiti ukafanyika palepale mezani, ukathibitisha kwamba simba anayetazamwa kwa bei ndogo hunguruma kwa kujikaza, kiboko huzama majini kwa aibu, na pundamilia milia yake hupauka. Dawa ilikuwa moja tu. Kiingilio kitoke bei ya kuku, kifike bei ya ng'ombe. Ng'ombe mwenye mimba.

Lakini mtu asikudanganye kwamba nchi ile ni ya mabavu. Katiba yake inasema wazi, kwenye ukurasa ambao bado uko mtamboni unachapwa, kwamba hakuna tozo itakayopanda kabla ya kukusanya maoni ya wananchi. Na Wizara hupokea maoni ya kila aina bila ubaguzi: maoni ya kuunga mkono, maoni ya kuunga mkono sana, na maoni ya kuunga mkono mpaka machozi.

Namna ya kuyakusanya nayo ni rahisi. Huko watu hawaandiki maoni wala hawanyooshi mikono. Kiongozi hupaza sauti akataja jambo, akamalizia na neno moja, na wananchi hulirudia lile neno la mwisho kwa nguvu. Akisema barabara oyee, wao oyee. Akisema uvivu zii, wao zii. Karani wa Maoni huandika kilichoitikiwa kwa wino usiofutika, na kikishaandikwa kimekuwa uamuzi wa umma. Hakuna masanduku, hakuna foleni, hakuna wa kulalamika kwamba sauti yake haikusikika, maana imesikika mpaka tarafa ya pili.

Na watu wa nchi ile wanajua kuitikia jamani. Wamefundishwa tangu chekechea. Kuna mwizi wa sokoni alikimbizwa na umati, pumzi zikamwishia, akageuka akawapungia mkono, akasema: "Mwizi oyee." Umati mzima ukasimama, ukaitikia, ukapiga na makofi. Ulipokumbuka ulichokuwa ukifanya, mwizi alishavuka mto. Siku hizi ni diwani.

* * *

Nyuma ya Hifadhi ya Taifa ya Mapembe kuna kijiji kinaitwa Ng'amboni. Wakazi wake hawakuhamia nyuma ya hifadhi. Hifadhi ndiyo iliyohamia mbele yao. Inasemekana mpaka ulichorwa baada ya chakula cha mchana, mkubwa mmoja alipozungusha kalamu kwenye ukingo wa sahani ya pilau iliyokuwa juu ya ramani. Sahani ilikuwa kubwa, kwa sababu mkubwa mwenyewe alikuwa mkubwa. Barabara pekee ya kutokea Ng'amboni ikaangukia katikati ya pilau. Upande wa pili wa kijiji kuna jabali lililosimama wima, ambalo hata nyani hulipanda kwa kujishauri.

Kwa hiyo mtu wa Ng'amboni anayekwenda sokoni, mahakamani au hospitali kisheria ni mtalii. Anafika getini, analipa, anapewa risiti yenye picha ya tembo na maneno ya kumshukuru kwa kuchagua mapumziko ya asili. Mgonjwa anayepelekwa hospitali juu ya baiskeli, meno yanagongana kwa homa, naye huulizwa getini ni mnyama gani aliyemvutia zaidi. Wengi husema mbu.

Kwa bei ya kuku walikuwa wakijikongoja. Kila nyumba ilikuwa na kuku wa geti, ambaye hachinjwi hata aje mkwe. Lakini ng'ombe? Ng'amboni nzima ng'ombe walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao alikuwa mzee anayeishi kwa heshima tu.

Katika kijiji hicho aliishi Bi. Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mwenye sauti ambayo akimwita mbuzi wake, mbuzi wa majirani nao huja kuangalia kuna nini. Binti yake, Kabula, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mtoto wake wa kwanza alikaa vibaya tumboni. Walichelewa njiani, madaktari wakamtoa kwa kisu, na hakuishi. Daktari akamwambia Kabula kwamba safari ijayo uchungu ukianza tu asisubiri kupambazuka wala kupoa kwa jua, aje. Wakichelewa tena watapotea wote wawili.

Bi. Nyamizi aliyabeba maneno hayo kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa mpaka ukingoni. Kuku wa geti wa Kabula alikuwa tayari, amefungwa kwenye mguu wa kitanda. Ndipo ikaja habari ya ng'ombe.

* * *

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mpelembe, aliitisha mkutano. Alikuwa mtu mpole, aliyepata uenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwa na kiti.

"Ndugu zangu," alisema, "Waziri anakuja getini Alhamisi kutusikiliza. Tumwambie nini?"

"Tumwambie hatutaki," alisema Bi. Nyamizi.

"Atatuuliza saa ngapi hilo?"

"Hatauliza. Atapaza sauti tuitikie. Sisi tunyamaze."

Mpelembe akakuna kidevu. "Dada Nyamizi, mgeni mkubwa vile apaze sauti, halafu sisi tumtazame tu kama tunatazama mvua?"

"Akiwaamkia muamkieni. Akisema hamjambo, semeni hatujambo. Hiyo ni adabu. Oyee si adabu, mwenyekiti. Oyee ni saini."

"Mimi kusaini sijui," alisema jirani yake, Nyanzala. "Mimi natia dole gumba."

"Unajua sana, shoga. Lile daraja walilolijenga pasipo na mto, wewe ndiye uliyelisaini. Tena ulianza kabla Waziri hajamaliza kusema."

Watu wakacheka, Nyanzala akacheka pia, maana ilikuwa kweli, na daraja lenyewe lipo mpaka leo, watu huanikia mihogo.

Wakaamua kufanya mazoezi. Mpelembe akapanda juu ya kiti chake, akatoa tumbo mbele kama waziri.

"Hifadhi oyee."

"Oyee," ukaitikia mkutano mzima, na sauti ya Bi. Nyamizi ikiwa juu ya zote.

Wakatazamana.

"Tena," alisema Bi. Nyamizi, akijifuta mdomo kama aliyelamba kitu kichungu.

Wakarudia, wakaitikia tena. Wakajaribu kuziba midomo kwa viganja, viganja vikajiondoa vyenyewe na kupiga makofi. Wakajaribu kujaza maji mdomoni, safu ya mbele ikalowa. Mwishowe Masele, mume wa Kabula, kijana wa bodaboda asiye na maneno mengi, akatoa wazo: kila mtu aje na kiazi kitamu cha kuchemsha, akijaze mdomoni Waziri akisimama, asikimeze mpaka Waziri atakapokaa.

Wakachemsha viazi, wakajaza midomo. Mpelembe akahutubia, akapaza sauti, akataja hifadhi, akataja viingilio, akataja mpaka shemeji yake anayemdai. Kilichosikika ni mvumo mdogo tu, kama wa nyuki walio mbali. Watu wakaenda nyumbani wameridhika. Ng'amboni ilikuwa imepata upinzani.

* * *

Alhamisi magari yakaja, marefu na meusi, vumbi likitangulia kuwasalimia wananchi. Mahema yakasimikwa karibu na geti kwa ajili ya wageni. Wananchi wakapewa jua.

Geti lenyewe lilikuwa boriti ndefu iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, inayoinuliwa kwa kamba. Kamba aliishika Askari Shomvi, kijana mtiifu sana. Kila asubuhi kikosi chake kilikuwa na gwaride: mkuu husema geti juu, kikosi huitikia juu, Shomvi huvuta. Mkuu husema geti chini, kikosi huitikia chini, Shomvi hulegeza. Mkono wake ulishazoea kiasi kwamba yeye mwenyewe wakati mwingine alikuwa hayupo kazini kimawazo, mkono ukaendelea.

Waziri akasimama. Ng'amboni ikajaza viazi mdomoni.

"Ndugu wananchi," alisema Dakta Lukwembe, "leo sikuja kusema. Nimekuja kama sikio. Mbele yenu hapa hakuna waziri, kuna sikio tu la Serikali, limekuja kwa gari."

Sikio likazungumza. Likaeleza historia ya utalii tangu enzi za majabali kupoa. Likaeleza shida za twiga. Likaeleza safari zake za nje, kwenye nchi ambazo mtu hulipa hata kumtazama njiwa. Kila alipomaliza aya moja, msaidizi alimpa maji, na kila alipomaliza maji alikumbuka aya nyingine.

"Nani kati yenu angependa kutazamwa kwa bei ya kuku?" aliuliza, akamnyooshea kidole Nyanzala. "Wewe mama, ungependa?"

Nyanzala akatoa macho, mashavu yamemjaa.

"Mnaona," alisema Waziri. "Amekosa la kusema."

Hapo ndipo kosa la Ng'amboni lilipojitokeza. Kiazi chao walikipima kwa hotuba ya Mpelembe, si kwa hotuba ya Waziri. Na kiazi cha kuchemsha hakina msimamo. Kinalainika, kinayeyuka, kinateleza chenyewe taratibu, na mwenye mdomo hana habari. Waziri alipofika kwenye shukrani kwa mkewe, midomoni hamkuwa na kiazi. Pale penye jua palikuwa na watu wenye midomo mitupu, wamechoka, na wameshiba kidogo.

"Hifadhi oyee."

"Oyee."

"Twiga oyee."

"Oyeee."

"Viingilio juu."

"Juuuu," ikaitikia Ng'amboni, na jabali likarudisha.

Bi. Nyamizi alisikia sauti yake mwenyewe ikipaa pamoja na zile nyingine. Akafumba mdomo, lakini ilishatoka, na sauti haifungwi kamba mguuni kama kuku. Mezani, Karani wa Maoni, Bwana Pengo, mtu mwembamba aliyevaa tai mbili kwa sababu kikao kilikuwa cha ngazi mbili, aliandika: Wananchi wote, viingilio juu.

"Asanteni kwa maoni yenu huru," alisema Waziri. "Kiingilio kipya kinaanza sasa hivi. Maoni hayawekwi, yakilala yanachacha."

Shuka likavutwa kutoka kwenye kibao kilichokuwa kando ya geti. Bei mpya ilikuwa imeshaandikwa, na rangi yake ilishapauka kwa jua kupitia shukani. Wageni wakapiga makofi, wakaingia hemani kwenye pilau.

* * *

Kabula alikuwa amekaa mwisho wa safu, kwenye kivuli cha mwavuli wa mama yake. Wakati wengine wakitazamana kwa aibu, yeye aliushika mkono wa Bi. Nyamizi akaubana.

"Mama, imeanza."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye twiga. Nilidhani ni hotuba."

Masele alishaleta pikipiki. Wakampandisha Kabula, wakafika mbele ya boriti. Shomvi akawatazama, akautazama na mkono wake.

"Mwanangu, fungua," alisema Bi. Nyamizi.

"Mama, mimi nimeshika kamba tu. Mnajua bei."

"Unaona hali yake."

"Naiona, mama. Nimekuja kazini na macho. Lakini ninyi ndio mmepandisha. Nilikuwa hapahapa, nimewasikia."

Bi. Nyamizi akaenda hemani. Wageni walikuwa wanakula, na Waziri alikuwa ameshika paja la kuku, aliyechinjwa bila kujali kama ni wa geti au wa nyumbani.

"Mheshimiwa, shikamoo. Binti yangu ameshikwa na uchungu. Mtoto wa kwanza tulimpoteza kwa kuchelewa. Naomba boriti iinuliwe apite."

Waziri akamtazama kwa huruma ileile aliyomtazamia twiga.

"Mama, pole sana. Lakini si ninyi mliosema, sasa hivi tu?"

"Tulisema."

"Kwa sauti moja."

"Kwa sauti moja, baba."

"Basi mimi ni nani niwapinge wananchi?" Akamgeukia karani wake. "Bwana Pengo, mjamzito analipa ng'ombe wangapi?"

"Kanuni inasema kila kichwa, Mheshimiwa. Vichwa ni viwili. Ila mmoja hajaona wanyama, anaweza kuomba punguzo kwa barua, akishajifunza kuandika."

Nje, Kabula alitoa mlio mfupi, akauma ukingo wa khanga. Masele alikuwa ameshika usukani wa pikipiki kama anayetaka kuung'oa. Ng'amboni yote ilikuwa imesimama pale, imekodoa macho, hakuna aliyejua la kusema, maana la kusema walishalisema.

Mshereheshaji wa shughuli alikuwa amekiacha kipaza sauti juu ya kiti, akajitosa kwenye pilau. Bi. Nyamizi alikitazama. Akamtazama Waziri, akawatazama makatibu, wakurugenzi, mkuu wa kikosi na askari wake, wote midomo ikienda. Akakumbuka kwamba na wao walipita chekechea.

Akakiokota kipaza sauti, ingawa kwa sauti yake hakukihitaji.

"Hifadhi oyee."

"Oyee," wakaitikia wageni wote, wali ukiwatoka mdomoni.

"Waziri oyee."

"Oyeee." Wakasimama. Huwezi kuitikia hilo umekaa, ni utovu wa nidhamu.

"Geti juu."

"Juuuu."

Lilisikika vizuri sana. Liliitikiwa na wakurugenzi, na mkuu wa kikosi, na kikosi kizima kama asubuhi gwarideni. Liliitikiwa na Waziri mwenyewe, mkono wake ukiwa juu na paja la kuku ndani yake. Na mkono wa Shomvi, ambao haukuwa na habari ya bei wala ya mkutano, ukavuta kamba.

Boriti ikapanda. Pikipiki ikapita chini yake kabla haijafika mwisho, Kabula ameinama mgongoni kwa Masele, vumbi likabaki likining'inia hewani. Ng'amboni ikakimbia nyuma yake, watu wazima na heshima zao, mpaka geti likabaki na wageni peke yao.

"Shusheni," alisema Waziri.

Bwana Pengo alikuwa anaandika. "Samahani, Mheshimiwa. Nimeshatia wino. Wageni wote, geti juu."

"Nani amemruhusu yule mama kupaza sauti?"

"Kanuni haisemi nani apaze, Mheshimiwa. Inasema tu kiandikwe kilichoitikiwa. Na kilichopandishwa kwa kauli ya wote hushushwa kwa kauli ya wote."

"Basi geti chini," alisema Waziri kwa hasira.

Wakurugenzi wakatazamana. Kuitikia juu na chini kabla pilau haijapoa ni kubadili msimamo, na mtu anayebadili msimamo huko huwa habadilishiwi gari. Kila mmoja akasubiri mwenzake aanze. Wakasubiri mpaka jioni, wakaondoka.

* * *

Kabula alifika hospitali kabla ya jua kuzama, akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha kisu. Mtoto akatoka mzima, wa kike, analia kwa sauti ya bibi yake. Wakamweka Kabula wodini mpaka mshono ukauke.

Wizara, kwa upande wake, iliunda Tume kuchunguza ni nani walioitikia geti juu. Tume ilifanya kazi kwa uadilifu mkubwa, ikagundua kwamba walioitikia ni Tume. Ikajihoji, ikajionya vikali, ikajilipa posho. Kisha ukatoka waraka: kuanzia leo ni marufuku kwa mtumishi yeyote wa umma kuitikia jambo lolote, mahali popote, hata likiwa limetamkwa na mkubwa wake, mpaka itakapoelekezwa vinginevyo. Wananchi tu ndio wataendelea kuitikia, kwa kuwa hiyo ni haki yao ya kuzaliwa.

Wakati huo geti la Mapembe lilikuwa juu. Watu walikwenda sokoni na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu sahani ile ya pilau, hawakuwa watalii. Wakubwa walisema hilo ni hatari. Ukimwacha mtu apite njiani bure siku nyingi, ataanza kudhani njia ni yake.

Waziri akarudi. Safari hii hakuna hotuba, aliamua. Neno moja tu, geti chini, wananchi waitikie, aondoke awahi redioni kutangaza. Mahema yakasimikwa, jua likagawiwa, Ng'amboni ikaja yote.

Viazi hawakuja navyo, wala hawakufanya mazoezi. Hata mkutano hawakuitisha. Asubuhi ile mwendesha baiskeli aliyetoka mjini alikuwa amepita kila nyumba akisema kwamba Kabula ameruhusiwa, Masele amekwenda kumchukua, wako njiani na mtoto. Wangekuja getini hata Waziri asingekuja.

"Hifadhi oyee," alisema Dakta Lukwembe.

Hakuna aliyemtazama. Watu wote walikuwa wanatazama juu ya bega lake, kule barabara inakochomoza kwenye miti.

"Hifadhi oyee," alirudia.

Sauti ikaenda, ikagonga jabali, ikarudi peke yake. Waziri alikuwa na miaka mingi kazini na hakuwahi kuisikia sauti yake ikirudi bila watu. Haikumpendeza. Ilikuwa nyembamba.

"Hawa wamekuwaje?" alimuuliza Mpelembe.

"Wako vizuri, Mheshimiwa. Wanamngoja mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa kwetu," alisema Mpelembe, naye akarudisha macho barabarani.

Waziri akavuta pumzi. "Geti chini."

Wakurugenzi walifunga midomo kwa nguvu kama waraka ulivyoagiza, mmoja akajishika na taya. Wananchi hawakunyamaza kwa makusudi. Wengine walikuwa wakinong'ona, Nyanzala alikuwa anabishana na shangazi yake kama mtoto atakuwa na masikio ya baba. Ila hakuna aliyesema chini. Hawakusikia kwamba wameombwa.

Bwana Pengo alikuwa amening'iniza kalamu juu ya karatasi. "Niandike nini, Mheshimiwa?"

"Andika wameitikia."

"Sijasikia kitu."

"Wameitikia kimoyomoyo," alisema Waziri, akitazama saa. "Andika hivyo. Wananchi wote, kwa kauli moja, wameitikia kimoyomoyo, geti chini."

Bwana Pengo akaandika, kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri. Kwa mujibu wa sheria za nchi ile, geti la Mapembe likawa limefungwa.

"Shomvi, shusha," alisema mkuu wa kikosi.

"Nasubiri mwitikio, afande."

"Umeshaandikwa."

"Ndiyo, afande. Lakini huu mkono hausomi. Unasikia tu."

Mkuu wa kikosi akafungua mdomo aitikie yeye mwenyewe, akaukumbuka waraka, akaufunga. Waziri alikuwa ameshaingia garini. Saa sita redio ilitangaza kwamba wananchi wa Ng'amboni, kwa utulivu wa kupigiwa mfano, wamelishusha geti wenyewe, kwamba viingilio vipya vimekubalika nchi nzima, na kwamba twiga ameonekana ameinua shingo.

Wakati redio inasema hayo, pikipiki ilichomoza kwenye miti, mwendo wa polepole wa mtu aliyebeba mayai. Kabula alikuwa amekaa upande, mtoto kifuani amefunikwa khanga. Bi. Nyamizi hakungoja wafike. Alipita chini ya boriti akawafuata upande wa pili, akampokea mjukuu, akamfunua uso akamtazama vizuri, kisha akageuka naye. Wakarudi wote, pikipiki ikisukumwa, wanawake wakipiga vigelegele, Mpelembe akiwa amebeba begi la Kabula kichwani na kiti chake mkononi.

"Karibuni Mapembe," alisema Shomvi, kamba mkononi.

"Tumekaribia, mwanangu," alisema Bi. Nyamizi.

Bwana Pengo alikuwa bado mezani, anakusanya muhuri wake na wino. Kila siku alitakiwa kujaza idadi ya waliopita getini. Akawatazama wakipita mbele yake, Kabula, mtoto, Masele, bibi, na kijiji kizima nyuma yao. Akaiangalia karatasi yake, ambamo geti lilikuwa limefungwa. Alikuwa mtu mwaminifu, hajawahi kuandika jambo linalopingana na kumbukumbu za Serikali. Akachovya kalamu, akaandika kwamba leo hakuna aliyepita.